Mwaka Tulionong'ona

Mimi ni mtu wa kelele, tena kelele za kulipiwa. Kazi yangu ni kukodisha spika, na pamoja nazo mahema na viti, kwa yeyote mwenye harusi, maulidi, mkutano wa injili au kikao cha wazazi shuleni, kuanzia Kilifi mjini hadi Ngomeni, ambako chumvi na mchanga huingia ndani ya vyombo na kuvitafuna kimyakimya. Nyumbani ni Matsangoni, kando ya barabara kuu. Kabla sijaugua, majirani walijua ni Jumamosi kwa kunisikia nikijaribu vyombo uani, na aliyetaka kulala alijua ahamie kwa shangazi yake. Najisifu? Ndiyo, najisifu. Sijaona bado mtu wa kunishinda kuzipanga spika ufukweni upepo usimeze maneno ya padri.

Ugonjwa ulianza kwa uchovu. Nilibeba spika moja kutoka stoo hadi mlangoni, nikaiweka chini, nikakaa juu yake jasho likinichuruzika. Mke wangu akasema ni malaria, nikatibiwa malaria. Homa ikarudi, nikatibiwa tena. Kisha fizi zikaanza kutoka damu nikipiga mswaki, na miguuni yakatokea mabaka ya zambarau kama ya mtu aliyepigwa, ilhali siku hizo sikuwa nimegombana na mtu, jambo ambalo kwa tabia yangu ni la ajabu. Tabibu wa zahanati akapima damu, akaniangalia, akapima tena, kisha akaniambia niende Mombasa saa hiyo hiyo, nisipitie hata nyumbani. Nilipitia nyumbani nikabadilisha suruali. Sikutaka kwenda kuambiwa habari mbaya nikiwa na suruali ya kazi.

Mombasa walinichoma sindano ndani ya mfupa wa nyonga, na kuhusu sindano hiyo sisemi zaidi. Majibu yakawa saratani ya damu. Daktari wangu alikuwa mwanamke kijana kutoka bara, mpole, mwenye Kiswahili cha kuchagua neno moja moja kama mtu anayechambua mchele. Alituambia sote watatu: mimi, mke wangu na mama yangu. Mama ni mjane wa Kigiriama ambaye naishi naye, na Kiswahili chake ni kizuri, lakini akishtuka hurudi kwenye lugha ya nyumbani.

"Milatso?" aliuliza.

"Ndiyo, mama, damu," mke wangu akamjibu.

"Damu yaumwaje? Si kichwa, si tumbo. Damu?"

Mimi pia nilikuwa najiuliza hilo hilo.

Ya wodini nitayasema kwa ufupi. Aliyepita huko anayajua, na ambaye hajapita simtakii. Nilitiwa dawa nyekundu iliyonifanya nikojoe mkojo mwekundu. Nywele zilitoka kwenye mto kwa mafungu. Mdomo ulichubuka hadi mate yakawa adhabu. Mke wangu alikuwa akienda na kurudi kwa ajili ya watoto, na mama akahamia kwa mpwa wake Kisauni ili awe wa kwanza mlangoni kila saa ya kuwaona wagonjwa ikifika. Alikuja na uji wa mchele, amejifunika pua na mdomo kwa barakoa, na hata hivyo alijisahau akajaribu kuupuliza upoe, barakoa ikipanda na kushuka. Nilikuwa namkaripia. Nilikuwa namkaripia kila mtu. Muuguzi mmoja aliniambia kwamba siku nitakayonyamaza ndipo ataanza kuwa na wasiwasi.

Dawa zile zikiua ugonjwa huua na damu nzuri, kwa hiyo kila mara nilihitaji kuongezewa, na damu haiuzwi dukani. Watu wa Matsangoni wakaja. Walikuja wanakwaya wa kanisa la mama. Walikuja vijana wa Kiislamu ninaowafungia vyombo vya maulidi kila mwaka. Akaja pia mwenye duka la mabati na saruji pale kituoni, mtu wa bara aliyehamia kwetu zamani. Ni pande la mtu. Huinua mfuko wa saruji kama wewe na mimi tunavyoinua mto wa kulalia. Lakini sindano haiwezi. Ilipomgusa tu akazimia, akaanguka kutoka kwenye kiti, na wauguzi wakawa hawana nguvu za kumwinua. Alipozinduka, swali lake la kwanza lilikuwa kama damu imetosha.

Miezi ikapita, damu ikahitajika tena, na yule mtu akarudi. Alijua kwamba atazimia. Aliwaomba wamlaze kabisa kabla hawajaifungua hiyo sindano, akafumba macho, akatoa.

Matsangoni wakapata la kunitania. Walisema nusu yangu sasa ni ya bara, nitaanza kuamka alfajiri na kudai chai yenye maziwa mengi. Ya alfajiri ni uongo. Ya chai ni kweli, na sijui niieleze vipi.

Mimi sijui kushukuru kwa mdomo. Nikijaribu, koo hunifunga, na likifunga hasira hunipanda. Basi naandika hapa, ambapo hakuna anayenitazama usoni: nashukuru. Ninatembea na damu ya watu ambao wengine sijui hata nyumba zao, na kila nikiamka nikaona mikono yangu ina rangi, nawashukuru.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe.

Baada ya mizunguko ya dawa ambayo nilikuwa nimeacha kuihesabu, nilichomwa tena ile sindano ya mfupa. Daktari alituita chumbani kwake. Alikuwa anatabasamu, na mimi nikaanza kulia kabla hajafungua mdomo.

"Mama," alisema, akimtazama mama yangu kwa sababu ndiye mkubwa, "tumeangalia, hatuuoni ugonjwa. Lakini kusema amepona bado ni mapema. Sisi tunasema ugonjwa umelala."

"Umelala?"

"Umelala."

Mama akasogeza kiti. "Usingizi mzito, daktari, au wa mang'amung'amu?"

Daktari, maskini, kwao hawana neno hilo. Hakujua kwamba mang'amung'amu ni ule usingizi wa juujuu, nusu umelala nusu uko macho, ambapo hata mlango ukigongwa kwa jirani wewe unainua kichwa. Aliona bibi kizee anamwuliza kitu kwa heshima, akaitikia kwa heshima.

"Ndiyo, mama," alisema. "Huo huo."

Mke wangu alinitazama. Mimi nilikuwa nafuta machozi na sikujali ni usingizi gani. Laiti ningejali.

Tulifika nyumbani, watoto wakakimbia kunilaki wakipiga kelele, na mama akawazuia katikati ya uwanja kidole kikiwa mdomoni. "Nyamala!" aliwaambia, ndiyo kusema wanyamaze kwa Kigiriama. "Baba yenu ana mtu amelala ndani."

Sheria ilianza siku hiyo. Jogoo aliondoka wa kwanza, na sikatai kwamba mchuzi wake ulinipa nguvu. Bawaba za milango zikapakwa mafuta ya nazi. Kinu kikahamia kwa jirani, na anayetaka kutwanga aende huko. Redio ilifungwa ndani ya sanduku la nguo. Mgeni akipiga hodi kwa sauti ya kawaida, mama alimtokea na uso wa kumfukuza mwizi. Spika zangu zilifunikwa turubai, stoo ikafungwa kufuli, na ufunguo mama akaufunga kwenye pindo la leso yake, akaoga nao, akalala nao. Wateja walipokuja aliwaambia langoni kwamba hapa hatukodishi sauti tena. Mke wangu aliomba angalau mahema na viti viendelee kutoka. Mama alifikiri sana.

"Viti havina mdomo," akaamua.

Tukaishi kwa viti. Mke wangu ndiye aliyesimamia kazi yote, kuvipakia, kuvifuatilia, kugombana na watu wanaorudisha hema lina tundu la sigara. Mimi nilikuwa nimekonda kama ufito na vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi kwa sababu ya dawa, siwezi hata kufunga kifungo cha shati. Sijui mwanamke mwingine angefanya nini. Huyu alifanya kazi, akanipikia, na jioni akaninong'oneza habari za siku nzima.

Sijui kama wewe msomaji umewahi kugombana kwa kunong'ona. Ni mateso. Siku moja hema letu kubwa lilirudi limeungua kwa makaa ya sufuria ya pilau, na mimi nikamlaumu mke wangu kwa kulikodisha kwa watu wasio na akili, naye akanijibu, nami nikamjibu, vichwa vyetu vimekaribiana, mishipa ya shingo imetutoka, na sauti zote mbili haziwezi kuvuka meza. Mama alipita akatutazama akatabasamu, akidhani tunabembelezana. Mke wangu ndiye aliyeanza kucheka. Tukalazimika kwenda kucheka shambani.

Niliwaambia watu kwamba namvumilia mama kwa sababu ni mzee na amehangaika. Ilikuwa nusu ya ukweli. Jumapili moja kila mtu alikwenda kanisani, nikabaki peke yangu. Nikaitoa ile redio sandukuni nikaipakata mapajani. Hapakuwa na wa kunizuia. Kidole kilikuwa juu ya swichi, na nikajikuta nasikiliza mwili wangu, goti, mgongo, nyonga, kama kuna kitu kinajigeuza humo. Nikairudisha redio sandukuni bila kuiwasha. Nilikaa kitandani nikiwa na aibu na hofu kubwa kuliko ile ya wodini. Kule nilikuwa nimeogopa kufa. Hapa nilikuwa naogopa kila kitu, na nikaona kwamba naweza kuendelea hivi miaka mingi, nikiwa hai kwa vipimo vyote, nikinyata nyumbani kwangu hadi nizeeke.

Nikaamua daktari ndiye aliyeharibu, basi daktari atengeneze. Siku ya kwenda kupimwa nilimchukua mama, nikamweleza daktari mambo yote mbele yake: jogoo, kinu, kufuli. Yule binti alishika mdomo kwa mikono miwili. Hakujua acheke au alie.

"Mama, nisamehe. Ni neno tu la kusema. Ugonjwa huu hauna masikio. Hausikii kitu."

"Kama hauna masikio," mama alimwuliza kwa upole kabisa, "wewe umejuaje umelala?"

"Tunachukua damu, tunaangalia, hatuuoni."

"Hata mimi nikiingia chumbani taa imezimwa, aliyelala simwoni."

Daktari alinitazama kuomba msaada. Nilimwonyesha mikono mitupu. Akaniambia nirudi kazini taratibu, kwamba damu yangu ni nzuri, kwamba miaka ikipita hivi hivi atakuwa na neno jingine la kutuambia. Mama akamshukuru sana, akamwachia kikapu cha maembe, na tulipofika nyumbani akaangalia kama fundo la leso bado limekaza.

Aliyekuja kuvunja mambo hakujua kwamba anavunja. Mwenye duka la mabati alifika alasiri moja, akapiga hodi kwa kunong'ona kwa sababu Matsangoni nzima ilishaijua sheria, akakaa kwenye mkeka na ule mwili wake wote. Alimwamkia mama shikamoo, mama akamjibu marahaba mara mbili. Huyu mama alimheshimu kupita mchungaji.

"Mama, niko na msichana anaolewa," alisema. "Sherehe iko Bofa, kwa bustani ya hoteli. Mimi sitaki spika za mtu mwingine. Nataka kijana wako ndiye atoe sauti."

Nilimwona mama akishika pindo la leso. Aliinama, na alipoinua uso machozi yalikuwa yanamtoka.

"Baba, niombe kitu kingine," alisema. "Niombe mbuzi."

"Mbuzi niko nao, mama."

"Niombe chochote. Hicho siwezi."

Yule mtu hakukasirika. Laiti angekasirika. Alisema hakuna shida, atatafuta Malindi, akaniuliza habari za afya, akamaliza chai yake na kuinuka. Akaenda zake akitembea kwa ncha za vidole hadi barabarani, jitu lile, ili asiuamshe ugonjwa wangu. Nilikuwa na hasira hadi meno yakaniuma. Lakini sikumwambia mama kitu, kwa kuwa nami nilikuwa na hofu ile ile, na sikuwa na uso wa kumlaumu.

Mama hakula jioni hiyo. Asubuhi alinikuta uani nikinywa chai, akakaa mbele yangu na kuanza kulifungua fundo kwa meno, maana lilikuwa limekaza kwa muda wote ule.

"Huyu mtu alianguka kwa ajili yako," alisema. "Akarudi akijua atazimia tena. Na jana nimemrudisha mikono mitupu, na damu yake imo humo ndani yasikia." Aliuweka ufunguo kwenye kiganja changu. "Naogopa, mwanangu. Naogopa kama siku ile ya kwanza. Lakini nimechoka kuogopa, na wewe naona wanyauka. Mwende Bofa. Nami nitakwenda, nikae karibu yako."

Nilitaka kumwambia asante. Nikamwambia, kwa ukali, amalizie chai yangu.

Nilimwahi mwenye duka kabla hajaenda Malindi, kisha nikafungua stoo, nayo ilikuwa na hali mbaya. Nyigu walikuwa wamejenga ndani ya spika mbili, na panya alikuwa amezila nyaya ninazozipenda. Vidole vyangu havikuweza kushika skrubu ndogo. Zilianguka, sikuzisikia, nikatukana. Mke wangu akakaa chini kando yangu, akaichukua bisibisi, na kuanzia siku hiyo nyaya zote ni zake. Mimi naeleza, yeye anafunga. Siku hizi ananieleza yeye, na aghalabu yuko sahihi, jambo ambalo namshukuru Mungu kwalo kwa shingo upande. Hatukujaribu vyombo uani. Hakuna aliyependekeza.

Bofa bustani ilikuwa imejaa. Ndugu wa bwana harusi walikuwa wametoka bara kwa mabasi, wanakwaya wa kwetu wamevaa sare, majirani wa Matsangoni wamekuja wote, na mahema yetu yalifika hadi kwenye minazi ya nyuma. Nilimwekea mama kiti kando ya meza yangu ya mitambo. Akakisogeza nyuma yangu, akaweka kiganja chake mgongoni mwangu, katikati ya mabega, kama anavyomshika mtoto mwenye homa. Kilikuwa baridi.

Mke wangu akaniashiria kwamba kila kitu kiko tayari. Nikafungua sauti kidogo sana. Mchungaji akashika mikrofoni na kuanza kusema, na aliyemsikia ni yule wa kiti cha mbele. Bibi harusi alikuwa ameshatokea mwisho wa zulia, ameshikwa mkono na baba yake, na kwaya ilikuwa imeanza, midomo inafunguka, na kutoka kwenye spika zangu unatoka mnong'ono. Nyuma watu wakaanza kuguna. Mmoja akapiga mluzi. Mwingine akaita, "Fundi! Hatusikii!" Baba wa bibi harusi aligeuka akanitazama, akanitikisia kichwa kwamba si kitu, hivyo hivyo inatosha, tutafanya nini. Alikuwa ananisamehe mbele ya wageni wake wote.

Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Sikuweza. Nilikuwa nausikiliza mgongo wangu, na mama naye, kwa kiganja chake, alikuwa anausikiliza. Tukakaa hivyo sisi wawili, tukimsubiri yule aliyelala.

Kisha kiganja kikanisukuma mbele.

"Ongeza," mama alisema, kwa sauti yake yote, ile ya kuitia watu mtoni, hadi kwaya ya mbele ikageuka. "Ongeza, mwanangu! Watu hawasikii!"